Jina la Nafasi ya Tatu

"Shuka hapo kwenye stuli kabla hujavunja kiuno siku ya wageni," mama alisema. Pasi ilikuwa mkononi, na kitambaa cheupe cha meza kilikuwa kimetandazwa mbele yake, juu ya blanketi lililokunjwa mara mbili kitandani.

Tone hakushuka. Alisimama kwa ncha za vidole, mkono mmoja umeshika ukingo wa kabati la nguo, mwingine unapapasa juu yake, huko ambako kitambaa cha vumbi hakikuwa kimefika miaka mingi. Alikuwa mshona mapazia, na vidole vya mshonaji huona kabla ya macho. Viligusa masanduku mawili ya viatu, vikagusa mwavuli uliovunjika mbavu, kisha vikakuta boksi pana lililofungwa kwa kamba. Mafundo mawili, moja juu ya jingine. Mafundo ya mama.

"Unatafuta nini huko?"

"Gemu ya baba."

Pasi ikasimama palepale ilipokuwa.

"Mama, kitambaa kinaungua."

Mama akaiinua pasi upesi, lakini alama ya rangi ya chai ilikwishabaki kwenye pembe ya kitambaa, ncha ya pasi kamili, kama imechorwa. Akaitazama alama, akamtazama bintiye, akasonya. "Unaona sasa? Saa kumi Mpima anaingia hapa na shangazi yake, watu wenye heshima zao, nawe unaniteremshia takataka."

"Ndiyo, nateremsha." Tone alishuka na boksi kifuani, vumbi limemkaa kwenye nyusi. "Na saa tisa anakuja Fundi. Nimemwita."

"Fundi gani?"

"Unamjua, mama. Fundi wangu."

Neno lile "wangu" lilikuwa halijapata kutamkwa ndani ya nyumba hiyo. Lilikuwa likitamkwa kwingine tu, kwenye duka dogo la matengenezo, kati ya rafu za redio na runinga zilizofunuliwa matumbo. Huko ndiko Tone alikopeleka pedali ya cherehani yake miezi minane iliyopita. Mwanamume aliyekuwa nyuma ya meza alivua miwani yake ya kukuzia, akamtazama kwa muda ambao fundi hamtazami mteja, kisha, badala ya salamu, akasema:

"Chura hajui kuogelea."

Pedali nusura imponyoke Tone. Watu wawili tu duniani walibaki wanaojua jibu la maneno hayo, na yeye alikuwa mmoja wao. "Basi kobe ambebe," alijibu.

Chura mwenye mwavuli na kobe mwenye kofia walikuwa watu wa gemu moja ya zamani ya kwenye runinga. Katika gemu hiyo chura aliruka, kobe aliogelea, na mto haukuvukwa ila kwa wawili. Tone alikuwa chura tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Kobe alikuwa kijana wa dobi, yule aliyekuja kila Jumamosi na mashati ya baba yaliyopigwa pasi, amekumbatia furushi refu kuliko kifua chake. Baba alipofariki, Tone akiwa na miaka kumi na mitatu, gemu ilipanda juu ya kabati, dobi akahamia mtaa mwingine na mwanawe, na habari ikaishia hapo. Ndivyo mama alivyodhani.

Sasa Tone alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mama alikuwa amemwona Mpima. Mpima alipima viwanja. Alikuwa na nyumba yenye veranda, na gari alilolifunika turubai usiku. Fundi je? "Mwana wa dobi," mama alisema Alhamisi iliyopita, mbele ya kaka yake. "Na mtu mzima mwenye ndevu anayekaa dukani akifufua michezo ya watoto! Baba yako angekuwa hai, asingemruhusu avuke hata kizingiti."

Hapo ndipo Tone alipowaka. "Baba? Baba ndiye aliyemwita mkwe!"

"Uongo."

"Aliliandika, mama. Kwenye gemu. Nafasi ya kwanza jina lake, ya pili langu, ya tatu akaandika MKWE."

"Sijapata kuona neno kama hilo. Mimi ile mashine hata kuiwasha siijui."

Mjomba, kaka wa mama, alikuwa kinyozi. Mtu aliyesikiliza ugomvi wa watu wakiwa wamefungwa shuka shingoni kwa miaka arobaini hujua kuamua. Aliinua kidole. "Basi. Jumapili, kabla ya wageni. Kama marehemu aliandika, dada yangu, utanyamaza. Kama hakuandika, wewe Tone utavaa gauni lako, utaketi, na utamkubali Mpima. Mmeafiki?"

"Nimeafiki," mama alisema upesi mno.

"Nimeafiki," Tone alisema, kwa sababu hasira ikishapanda haiombi ushauri.

*

Saa tisa kasoro dakika tano Fundi alikuwa kwenye kizingiti. Alivaa shati la samawati lenye mikunjo miwili ya pasi kwenye kila mkono, ushahidi kwamba alilipiga mwenyewe, mara mbili, kwa wasiwasi. Mkoba wa vifaa ulikuwa begani. Macho yake yalimpita Tone yakaenda kwenye mlango, kwenye taa ya sebuleni, kwenye ukuta wenye picha ya baba, kisha yakarudi kwa Tone na kutulia kama ndege aliyekumbuka tawi lake.

"Umekonda," Tone alinong'ona.

"Nimenyoa."

"Naogopa."

"Chura haogopi."

"Chura ameahidi kuolewa na mpima viwanja kama lile jina halipo! Na kaseti ina miaka ishirini juu ya kabati. Betri yake ikiwa imekufa?"

Fundi akacheka kidogo bila kutoa sauti. "Nisikilize. Ndani ya kaseti mna betri ndogo, kama kifungo cha koti. Ndiyo inayoyakumbuka majina mashine ikizimwa. Ikifa, majina yanakufa yote kwa pamoja. Ikiwa hai, yote yako hai. Betri haichagui. Basi hebu tukaione kwanza."

"Ungeipeleka dukani Ijumaa ukaiangalia, tungejua."

"Na mama yako angesema tumeandika wenyewe. Hapana. Aione ikifunguliwa mafundo mbele ya macho yake."

Kwa jambo hilo Tone alimpenda upya, papo hapo, amesimama kwenye kizingiti na vumbi bado kwenye nyusi. Fundi akanyoosha kidole gumba, akalipangusa vumbi lile, unyusi mmoja, kisha wa pili, taratibu kama anayesafisha kioo cha saa.

"Mlango unapitisha nzi!" mama aliita kutoka ndani.

Fundi akaingia, akainama. "Shikamoo, mama."

Mama alitazama viatu vyake. "Pangusa miguu."

Salamu ile ikabaki inaning'inia katikati ya sebule, haijapokelewa. Kila mmoja aliiona. Fundi alipangusa viatu kwenye mkeka wa mlangoni, cha kulia, cha kushoto, akapiga magoti mbele ya runinga kana kwamba hajakosa kitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba, marahaba." Mjomba alishusha gazeti, akamkagua kichwani. "Ila nani kakukata nywele hizi? Una kesi naye?"

"Nilijikata mwenyewe, mjomba."

"Nilidhani. Mwenye chuki nawe angekukata vizuri zaidi."

Tone aliweka boksi mezani, juu ya kitambaa cheupe, karibu na ile alama ya pasi. Mafundo yalikuwa magumu, ikabidi atumie mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi. Kilichotoka kwanza ni harufu. Ilikuwa plastiki ya zamani na karatasi kavu, na kwa chini yake kabisa, au huenda ni moyo tu uliosema, wino. Baba alikuwa mpiga chapa. Alirudi jioni na vidole vyeusi ambavyo sabuni haikuviweza, akavua viatu, akaketi sakafuni katikati ya watoto. Kwenye kitufe cha pedi yake ya kuchezea bado palikuwa na alama ya dole gumba lake, nyeusi, kila mstari wa ngozi unasomeka.

Tone aliigeuza pedi mama aione. Mama akageukia dirisha.

Kisha ikatoka kaseti, nene kama kitabu cha sala, picha ya chura imechubuka. Mkono wa Tone haukungoja akili. Uliinua kaseti hadi mdomoni, mashavu yakajaa pumzi.

"Usipulize!" Fundi akaruka.

"Ee! Si tulikuwa tunapuliza daima?"

"Na daima tulikuwa tunakosea. Pumzi ina unyevu, unyevu unaleta kutu. Miaka yote ile tulidhani tunaiponya, kumbe tunaila."

"Lakini ilikuwa inawaka tukishapuliza!"

"Iliwaka kwa sababu uliichomoa ukaichomeka upya. Ungeipigia hata makofi ingewaka."

Wakatazamana, wakaangua kicheko kwa pamoja, kicheko kilekile cha miaka kumi na mmoja, na kwa sekunde kadhaa hapakuwa na Mpima wala shangazi duniani. Mjomba naye akacheka. "Hata kwenye ndoa nimeliona hilo. Mtu anapuliza, anapuliza, anadhani anasaidia."

"Hatukuja kuhadithiana," mama alisema. "Saa inakwenda."

Fundi alisafisha meno ya shaba ya kaseti kwa pamba iliyolowa spiriti. Pamba ilitoka nyeusi, akachukua nyingine, ikatoka kijivu, akachukua ya tatu. Akaifungua kwa bisibisi nyembamba, akaigusa betri kwa nyaya mbili za kipimo chake, nyekundu na nyeusi.

"Volti mbili nukta saba," alisema. "Mpya huwa tatu. Mzee huyu bado ana pumzi."

Tone akaachia pumzi yake mwenyewe. Iko hai. Basi na majina yako hai.

Runinga ilikuwa ileile nene ya baba, ambayo mama alikataa kuitupa hata majirani walipomcheka. Fundi akaitoa mashine kwenye boksi, akachomeka waya wake, akaichomeka kaseti, akamtazama Tone. "Wewe ndiye uwashe."

Akawasha.

Kwanza giza. Halafu mstari wa mwanga, na ule wimbo. Jamani, ule wimbo! Ni vinanda vidogo vya bati, noti zinazopanda ngazi na kujikwaa kwenye ya mwisho. Tone alimwona baba sakafuni, katika zamu yake ya kuwa chura, anaanguka kwenye daraja la pango la tisa kwa mara ya mia, analia kwa uchungu wa kuigiza, "Wanangu, nisaidieni, mzee wenu anakufa maji!" Aliiona siku ile mashine ilipotaka majina na ikatoa nafasi ya herufi nne tu, na baba, aliyepanga herufi maisha yake yote, akasema nne ni shamba zima. Akaandika BABA. Akaandika TONE, jina alilompa yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa kwa jinsi alivyokuwa mdogo. Kisha akageuka mlangoni, aliposimama kijana wa dobi na furushi lake, haingii wala haondoki.

"Wewe, weka mashati hapo uje. Kobe hana mtu."

Akaandika MKWE, na Tone akaficha uso chini ya mto wa kiti, na baba akacheka hadi akakohoa.

Tone alibonyeza kitufe. Ukurasa wa majina ukafunguka.

BABA.

TONE.

Na chini yake vistari vinne vitupu.

Alibonyeza kurudi, akabonyeza kuingia tena. BABA. TONE. Vistari vinne. Nyuma yake alisikia kiti cha mama kikilia, mama akijiweka sawa.

"Haya," mama alisema. Sauti yake haikuwa ya ushindi, na hilo Tone alilikumbuka baadaye. Ilikuwa ya mtu anayetaka jambo liishe haraka. "Mmeona. Hakuna. Kaka, uliamua mwenyewe. Tone, nenda kaoge, gauni liko kitandani."

Mjomba alijikuna shingo. "Ahadi ni ahadi, mwanangu," alisema kwa upole.

Fundi alikuwa bado amepiga magoti. Hakujitetea. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka. Alianza kukusanya pamba zake, ile nyeusi, ile ya kijivu, na Tone akaona kwamba anajiandaa kuondoka kwa heshima, kama zamani, furushi limewekwa, kazi imekwisha. Hapo kitu kikamgonga kichwani.

"Acha hizo pamba," alisema.

"Tone..."

"Acha, nimesema. Rudia ulichoniambia mlangoni. Betri ikifa?"

Fundi aliinua macho. Taratibu, kama taa inayopata umeme, uso wake ukafunguka. "Majina yanakufa yote."

"Na hii imekufa?"

"Haijafa."

"Inaweza kula jina moja ikaacha mawili?"

"Haiwezi. Betri haichagui."

Tone akageuka, mgongo wake kwa runinga. "Mjomba, umesikia. Jina la tatu halikupotea. Limefutwa. Na kufuta si bahati mbaya. Unashika vitufe viwili kwa pamoja, na mashine inakuuliza mara mbili kama una hakika."

"Labda hao watoto wenyewe..." mjomba alianza.

"Mimi sikufuta. Yeye hajaingia hapa tangu mazishi. Na baba alizikwa jina likiwa bado lipo."

"Msinitazame mimi," mama alisema, ingawa bado hakuna aliyekuwa amemtazama. "Nimesema tangu Alhamisi, mimi mashine hiyo hata kuiwasha siijui."

"Sijakutaja, mama. Nasema tu, aliyefuta alitaka kufuta. Si kugusa kwa bahati. Aliulizwa mara mbili, akajibu ndiyo mara mbili."

"Mara tatu," mama alisema.

Wimbo wa gemu ulikuwa umefika mwisho wake na kusita kabla ya kuanza upya. Mama aliweka kiganja juu ya mdomo, lakini neno likishatoka halina kamba ya kulivuta. Mjomba alilikunja gazeti mara mbili, mara nne, akaliweka mapajani.

"Dada," alisema. "Dada yangu."

Mama alizungumza na kile kitambaa cha meza, akisugua alama ya pasi kwa kidole kana kwamba ingetoka. "Wiki mbili baada ya mazishi. Nilikusikia unacheza huku unalia. Ukaenda shule. Nikakaa hapo sakafuni, alipokuwa akikaa yeye. Maneno ya mashine yalikuwa ya kigeni, nikachukua kamusi yake. Nikatafuta neno moja moja. Asubuhi nzima. Nilikuwa mjane mwenye mtoto wa kike, na kila mkiwasha, lile neno linanitazama. Nikaona, huyu mtu kanifia, na bado anamtoa mwanangu kwa nyumba isiyo na kitu. Kwa mzaha! Nikaogopa."

"Kwa nini hukufuta yote?" Tone aliuliza.

"La baba yako sikuweza. Nilishika vile vitufe, ikaniuliza, nikasema hapana." Kwa mara ya kwanza aliinua macho kwenye runinga, kwenye zile herufi nne za juu. "Kwa hiyo hiyo betri... mbili na ngapi sijui... ikiisha, na lake linaondoka?"

Swali lilimhusu Fundi, ingawa hakutazamwa. Fundi alitoa kwenye mfuko wa shati kitu kidogo kinachong'aa kama kifungo. "Haliondoki, mama. Nimekuja na mpya. Ninaweza kubadilisha bila kukata umeme hata kidogo, naishikilia kwa waya wa pembeni. Majina hayatajua kama kuna kitu kimetokea."

"Mtajie bei sasa!" mjomba akadakia. "Mwambie bei ni binti!"

"Hapana, mjomba." Fundi alisema polepole. "Hiyo naifanya hata nikifukuzwa leo. Marehemu alinikalisha sakafuni kwake wakati wenzangu wananiita furushi. Tone simwombi kwa betri."

"Wala hutaniomba kwa mtu," Tone alisema. "Nilikosea Alhamisi. Nilikubali kuwekwa mezani kama kitambaa, tukaangalie marehemu alisema nini. Baba nilimpenda, na nimefurahi kwamba aliliandika. Lakini hata kama asingeliandika! Hata kama nafasi ile ingekuwa tupu tangu mwanzo! Mimi nimeshona mapazia ya nyumba za watu miaka kumi na minne, najua nyumba yenye raha na nyumba yenye veranda. Huyu ndiye ninayemtaka. Mikono yake inanuka risasi ya kuchomelea, nywele zake zimekatwa na adui, na ninamtaka."

Fundi aligusa kichwa chake. "Adui ni mimi mwenyewe."

"Nyamaza, nakutetea."

Mama akafungua mdomo. Kabla hajasema, nje pakafungwa milango ya gari, mmoja, wa pili. Viatu vya kike vikapiga kokoto.

"Hodi wenyewe!" sauti nene, yenye uhakika wake.

Mama akaanza kuinuka kwa mazoea ya miaka, mkono umeshakwenda kwenye kilemba. Tone akamgusa bega.

"Kaa, mama. Wageni hawa ni wangu."

Aliinama, akaichukua pedi ya baba, ile yenye dole gumba. Mshale mdogo ukatembea juu ya herufi bila haraka, huku nje hodi ikipigwa mara ya pili. M. Mshale ukarudi nyuma. K. Ukaenda mbali, mstari wa chini. W. Mjomba alikuwa amenyanyuka nusu kwenye kiti kama mtu anayetazama penalti. E. Mashine ikauliza swali lake, ndiyo au hapana, na ule mshale ukaanza kupepesa.

Tone hakujibu. Aliiweka pedi kwenye mapaja ya mama yake, akamshikisha kwa mikono yote miwili.

"Ulilifuta kwa mkono wako na kamusi. Sasa mkono ni huohuo. Lakini nakwambia mapema, ukisema hapana, nitaliandika kesho. Ukilifuta, nitaliandika keshokutwa. Nitaliandika mpaka kitufe hicho kitoboke."

"Na hao walio nje utawaambia nini?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwamba nafasi zimejaa."

Kicheko kilimtoka mjomba puani, akakiziba kwa gazeti. Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama Tone akiwa amesahau kuinuka magotini, betri inang'aa kati ya vidole vyake, na Tone aliyachukua macho yale akaenda nayo mlangoni kama mtu aliyebeba taa.

Akafungua. Mpima alisimama kwa koti lililonyooka, shangazi yake pembeni na mkoba mkubwa, wote wawili wakitabasamu tabasamu la kuzoea kukaribishwa.

"Karibuni," Tone alisema. Vumbi la juu ya kabati lilikuwa bado kwenye gauni lake la nyumbani, na hakulipangusa. "Ila nina neno, na ni heri mlisikie mkiwa bado mmesimama, msije mkasema niliwakalisha kwanza ndipo nikawaambia."

Nyuma yake, sebuleni, kitufe kililia, tik. Vikafuata vile vinanda vidogo vya bati, wimbo mfupi wa noti tano ambao gemu huupiga jina likishahifadhiwa. Halafu ikasikika sauti kavu ya mama, inayojibu salamu iliyokuwa imening'inia katikati ya chumba tangu saa tisa.

"Marahaba. Na hiyo betri ubadilishe leo leo, kabla baba yake hajapotea."

Tone hakugeuka. Alimtazama Mpima machoni, akaendelea na neno lake.